Mkono wa Kulia wa Kapteni

Sehemu ya kumi na moja

Nondo ilikuwa bado hewani.

Ndivyo tulivyomwacha Tevin, msomaji wangu. Amesimama uani, nyuma ya kempu ya wafanyakazi kule Abu Hamour, Doha, Ijumaa alasiri, jua linamchoma kisogo, nondo ameikamata kwa mikono miwili. Chini yake amelala Ssemakula, mlinzi kutoka Masaka, damu inamchuruzika mdomoni. Na Ssemakula, badala ya kuomba aachiliwe, alikuwa ametamka neno lililoigandisha ile mikono.

"Kapteni wenu ndiye aliniambia mnakuja."

Tevin alimwambia arudie. Ssemakula akarudia, pole pole, kwa kile Kiswahili chake cha Kampala. Alisema Kapteni huyo, Philip, alimpigia simu asubuhi. Alimweleza kwamba vijana wangekuja alasiri, kwamba asikimbie, avumilie kipigo kidogo tu, kwa sababu shurta, polisi wa huko, wangekuwa karibu na kempu wakisubiri kuitwa. Aliyekuwa akiwindwa ni mtu mmoja. Mtu huyo ni Tevin.

"Na ukakubali kupigwa?"

"Wewe ulivunja taya ya mdogo wangu, ssebo," Ssemakula alisema. "Mpaka leo anakunywa uji kwa mrija. Ningekubali hata zaidi ya hii."

Tevin alimkumbuka yule mdogo. Alikuwa amemkuta kwenye kituo cha basi na begi la nguo mgongoni, akampiga ngumi moja tu, kwa sababu Philip alitaka Waganda wa kempu ile wajue Ngao, kundi lao, imefika.

Nondo ikaanza kushuka. Haikumshukia mtu. Ilishuka tu, mpaka ncha yake ikagusa vumbi.

Hapo ndipo Shaun aliposogea.

Shaun alikuwa kijana wa Kayole, mwembamba, mpole wa sauti, wa mwisho kuingia Ngao na wa kwanza kufika kila walipoitwa. Siku hiyo alikuwa ameshika rungu. Alimwambia Tevin amalize kazi, wanapoteza wakati. Nondo ilipobaki chini, Shaun alimpita kama anayempita mtu kwenye mlango, akainua rungu, na kulishusha juu ya mkono wa Ssemakula. Mfupa ulilia. Ssemakula hakupiga kelele. Alivuta pumzi moja ndefu, akajikunja.

Rungu lilikuwa linainuka mara ya pili wakati ngumi ya Tevin ilipomfikia Shaun shavuni.

Tevin hakuwa mtu wa kupiga ovyo. Alikuwa bondia Nakuru kabla ya kuja Doha kulinda milango ya maduka, na ngumi zake zilikuwa na adabu ya mazoezi. Ya kwanza ilimgeuza Shaun uso. Ya pili ilimkunja tumboni. Shaun alimrukia kiunoni wakaanguka wote wawili, wakabiringishana kwenye changarawe, Shaun akimng'ata sikio, Tevin akitafuta nafasi ya kupiga kwa kiwiko. Aliipata. Shaun akalegea, akabaki chali, akipumua kwa mdomo.

King'ora kikasikika upande wa barabara.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Tevin alisimama akimtazama Ssemakula, ambaye alikuwa amejikokota akaegemea ukuta, mkono uliovunjika ameupakata kama mtoto mchanga. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anapumua. Likumbuke hilo, msomaji, kwa sababu Tevin mwenyewe angelazimika kulikumbuka kabla jua halijatua.

"Nenda kama unakwenda," Ssemakula alimwambia. "Mimi nitasema uliacha."

Tevin aliruka ukuta. Nondo aliiacha pale pale.

*

Teksi ilimchukua mbele ya duka la matairi. Dereva alimtazama kwenye kioo, akaliona sikio linalovuja damu na shati la kijivu lililochanika, akasema, "Sadiki, rafiki yangu, hospitali?" Tevin alimwambia Al Sadd. Dereva akaongeza ubaridi wa gari na hakuuliza tena.

Lile shati la kijivu lilikuwa sare ya Ngao. Na Ngao, kwa aliyeanza kutusoma leo, ilikuwa kazi ya Philip.

Philip alikuja Doha kama walinzi wengine, baada ya kufukuzwa chuo kikuu akiwa mwaka wa tatu wa historia. Alikuwa na sauti nzito na macho ya kumfanya kila aliyemsikiliza aone anaongeleshwa peke yake. Alianza kwa kuzungumza na walinzi wenzake Ijumaa, juu ya mikeka, kila mtu na chai yake ya karak. Aliwaambia kwamba hawakuwa maskini kwa sababu ya kafili, yule mdhamini wa viza, wala kampuni. Walikuwa maskini kwa sababu Mganda amekubali kusimama mlangoni kwa nusu ya mshahara wa Mkenya. Kwamba Waganda nao walikuwa wamedanganywa na mawakala wale wale, hilo hakulitaja. Baadaye akaanza kusema mbele ya simu, na watu nyumbani Kenya wakamfuata kwa maelfu. Wote walikuwa wageni katika nchi ya watu, lakini Philip aliwafanya wajione wenye nyumba waliovamiwa.

Mafundisho yake yote yalitoka kwa mtu mmoja, Mjerumani aliyekuwa amekufa zamani, Kapteni Ottmar Rieck.

Philip aliwasimulia habari za Rieck mara nyingi hivi kwamba Tevin aliweza kuziona picha zake akifumba macho. Rieck, mtoto wa mwoka mikate, alirudi kutoka Vita vya Kwanza mwaka 1918 na cheo cha kapteni na jeshi lililoshindwa. Aliwakuta askari wake wakiomba barabarani na medali vifuani. Aliwakusanya kwenye chumba cha chini cha baa moja, akawapa supu, akawavisha mashati ya kijivu, kisha akawaambia kitu walichotaka sana kukisikia, kwamba hawakushindwa vitani, waliuzwa nyumbani. Aliyewauza ni jirani. Akawaonyesha jirani mwenyewe, Myahudi mwenye duka la viatu mtaa wa pili, na mtu wa chama cha wafanyakazi aliyeishi juu yake.

Walianza na vioo vya madirisha. Wakafuata milango, kisha mifupa. Mpiga chapa mmoja aliuawa kwa marungu mbele ya mkewe, Rieck akafungwa, na jela ikamtoa akiwa maarufu kuliko alivyoingia. Alianzisha gazeti. Kazi zilipokwisha nchini na watu wakapanga foleni ya mkate, wenye viwanda walianza kumwalika kwa chakula cha jioni, maana waliwaogopa wafanyakazi wao wenyewe kuliko walivyomwogopa yeye. Mwaka 1930 Kapteni Rieck aliingia Bungeni Berlin, na mashati ya kijivu yalisimama pande zote mbili za barabara kumpigia saluti.

Hapo Philip alikuwa akiifunga kompyuta yake. Siku zote hapo. Kisha anawaambia vijana kwamba njia wameiona.

Tevin aliipenda hadithi ile, kwa sababu ndani yake mpigaji hakuwa mhuni. Mpigaji alikuwa askari. Na kwa muda mrefu alikuwa hajapata mtu wa kumwita jina zuri kama hilo.

*

Jeptoo alifungua mlango, akamtazama, akasogea kando apite.

Huyu Jeptoo alikuwa karani kwenye ofisi ya tiketi za ndege, akiishi chumba kimoja juu ya duka la vitambaa Al Sadd. Alikuwa amesoma darasa moja na Philip chuoni. Alimpenda wakati fulani, akamwacha siku aliposikia anachokihubiri, na aliwahi kumwambia Tevin, nje ya kanisa la Abu Hamour, kwamba siku Philip atakapomgeuka asisite kuja kwake. Tevin alicheka siku ile.

Alimsafisha sikio kwa maji na chumvi bila kumwonea huruma. Tevin alimweleza yote, ule wito wa simu, Ssemakula, Shaun, king'ora. Alimaliza kwa kusema haelewi. Yeye ndiye aliyemjengea Philip ile Ngao kwa mikono yake. Kwa nini amuuze?

Jeptoo alikausha mikono kwanza.

"Alishawahi kukuambia habari za Kolbe?"

Tevin hakuwahi kulisikia jina hilo.

Jeptoo alisema yeye na Philip ndio waliosoma habari za Rieck pamoja, wakaziwasilisha darasani pamoja. Philip alisimulia nusu ya kwanza. Nusu ya pili alisimulia yeye. Kolbe alikuwa mchinja nyama, mkubwa wa mwili, asiye na maneno mengi, rafiki wa Rieck tangu kwenye mahandaki ya vita. Yeye ndiye aliyevunja madirisha. Yeye ndiye aliyempiga yule mpiga chapa. Rieck alikuwa akimwita mkono wangu wa kulia.

Tevin alikaa kitandani. Philip alikuwa akimwita hivyo hivyo, mbele ya vijana wote, akiwa amemshika bega.

Wenye viwanda walipoanza kumkaribisha Rieck mezani, Jeptoo aliendelea, walimwekea sharti moja. Walitaka bwana mwenye tai. Hawakutaka damu kwenye vitambaa vyao. Basi Rieck akamwambia Kolbe kwamba polisi wanamtafuta, akamwomba aende kwenye banda la mashua kando ya ziwa, huko atapewa pasipoti na gari la kumvusha hadi Austria. Kolbe alikwenda na sanduku lake. Waliokuwa bandani ni vijana wa mashati ya kijivu.

"Kesho yake Rieck alilia juu ya kaburi," Jeptoo alisema. "Alilia kweli. Picha ipo."

Tevin aliuliza huyo Rieck mwenyewe aliishia wapi. Jeptoo alimwambia kwamba miaka mitatu baada ya hapo chama chake kilishika nchi, na walioshika nchi hawakuhitaji tena makapteni wa mitaani. Walimtoa mezani akila kiamsha kinywa. Aliomba azungumze na mkubwa wa chama, wakamwambia mkubwa ana shughuli. Waliompiga risasi walikuwa vijana aliowavisha mashati kwa mkono wake.

Chini, mwenye duka la vitambaa alikuwa akishusha mlango wa bati.

Ilikuwa dhahiri sasa nani alikuwa mwenye kiwanda. Harun, tajiri wa Nairobi aliyetua Doha wiki ile, alitaka kumrudisha Philip nyumbani kugombea ubunge. Tevin alikuwa amewaona wakinong'ona kwenye ukumbi wa hoteli, na alipokaribia, Harun alimtazama vifundo vya ngumi kisha akatazama kando.

Simu ya Jeptoo ililia. Mtu alikuwa amemtumia video.

Ilikuwa ni Philip, amevaa suti nyeusi, amesimama mbele ya ukuta mweupe. Alisema kwa huzuni kubwa kwamba alasiri ile ndugu yao kutoka Uganda ameuawa kikatili ndani ya kempu. Alisema Ngao haihusiki wala haijawahi kuhusika na fujo. Aliyefanya unyama huo ni mtu mmoja aliyefukuzwa kwa tabia zake, jina lake Tevin, na alimsihi kila Mkenya mwema atakayemwona awaite polisi. Kisha akamvuta kijana mmoja aliyefungwa bendeji usoni. Huyu, alisema, alijaribu kumzuia muuaji akiwa mikono mitupu.

Kijana yule alikuwa Shaun.

Philip alifuta machozi. Yalikuwa machozi ya kweli.

"Nilimwacha hai," Tevin alisema. "Jeptoo, nilimwacha hai, ameegemea ukuta. Aliongea."

Jeptoo aliizima ile video.

"Umevunja watu wangapi, Tevin, mpaka leo nikuamini?"

Alikumbuka lile taya kwenye kituo cha basi, akakumbuka mpishi wa Jinja aliyepiga magoti, akakumbuka wengine ambao hakuwahi kuziona sura zao vizuri kwa kuwa walikuwa wamezificha kwa mikono. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaukalia.

"Nakuamini," Jeptoo alisema mwishowe. "Kukusamehe hilo ni jambo lingine, na si mimi wa kuombwa."

Simu ya pili kulia ilikuwa ya Tevin. Philip. Sauti ilikuwa ile ile ya Ijumaa za mikekani, nzito na ya upole. Alimwambia asibabaike na video, hayo ni maneno ya siasa, yalilazimika kusemwa. Harun ameshapanga kila kitu. Aende Al Sadd, chini ya lile jengo la mkahawa wanakokutana, kwenye ghorofa ya mwisho ya maegesho. Atapewa pasipoti yake, gari litamfikisha mpaka wa Saudia kule Abu Samra, na kesho atakuwa upande wa pili.

"Wewe ni mkono wangu wa kulia," Philip alisema. "Nani hukata mkono wake?"

Tevin alimjibu kwamba anakuja.

Jeptoo alisimama mbele ya mlango. Alimwambia huko ni lile banda la mashua la Kolbe, na Tevin mwenyewe anajua. Tevin alisema anajua. Lakini polisi watampokea na nini? Nondo yenye alama za vidole vyake, maiti, na mashahidi wote upande wa Philip. Kuna mtu mmoja tu duniani anayejua Ssemakula alikufaje, na mtu huyo ni Shaun, aliyebaki naye uani. Akimkosa leo, kesho Shaun atakuwa Nairobi na Kapteni wake.

Jeptoo alichukua mtandio wake na mkoba.

"Basi mimi nakwenda kituoni sasa hivi. Nitawaambia yote, na uliyoyafanya pia. Usifikiri nitaruka lolote."

Tevin alimwambia asiruke.

*

Ukumbi wa mkahawa ule ulikuwa umekodishwa kwa jina la sherehe ya kuzaliwa, maana mkutano wa siasa ungewatia wote matatani. Keki ilikuwepo kweli. Mashati ya kijivu yalikuwa yamejaa ndani yakimsubiri Kapteni apande kwenye jukwaa la maua na kumwombea marehemu. Tevin aliwasikia wakiimba alipopita nyuma ya jengo na kuteremka ngazi za zege.

Ghorofa ya mwisho ilikuwa inakarabatiwa. Kamera zilikuwa zimeng'olewa, nyaya zinaning'inia. Gari moja jeupe lilikuwa limesimama katikati, injini inanguruma taratibu, na Philip alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mlango wazi, suti yake nyeusi haina hata kunyanzi.

Hakushuka. Alimwambia Tevin asogee achukue pasipoti.

Tevin alipiga hatua, akahisi upepo nyuma ya shingo. Bondia haachi kuhisi. Alijipinda, na kisu kilichokuwa kikitafuta figo kikampata ubavuni, kikachana nyama na kuteleza juu ya mbavu. Moto ulimpanda hadi kwapani. Aligeuka akakutana na bendeji ya Shaun, jicho moja tu likionekana, kisu kinarudi.

Shaun alikuwa mwepesi na hakuogopa. Alimkata Tevin kiganja, akamkata begani. Tevin alimwacha aingie karibu, akaukamata mkono wenye kisu, akamgongesha kichwa kwenye nguzo ya zege, mara moja, mara mbili, mpaka bendeji ikageuka nyekundu. Kisu kilidondoka. Tevin alimshika koo akamwinua, miguu ikaning'inia.

Angeweza kumaliza. Kidole gumba kilikuwa mahali penyewe.

"Nani alimuua Ssemakula?"

Shaun alionyesha kwa macho kwamba hawezi kuongea. Tevin alilegeza. Kijana alikohoa, akasema bila kuona haya kwamba ni yeye. Alitumia ile nondo, aliishika kwa shati lake, kabla shurta hawajafika uani. Kapteni ndiye aliyemwagiza. Alisema Mganda aliyepigwa ni habari ya siku moja, aliyekufa ni kampeni nzima.

Philip, garini, alisema kijana amechanganyikiwa na kipigo.

Basi Tevin akafanya kile alichokuja kufanya. Alimweka Shaun chini, damu inamtiririka ubavuni mpaka kwenye kiatu, akamsimulia nusu ya pili. Kolbe, sharti la wenye viwanda, banda la mashua, kilio kaburini. Kisha Rieck mwenyewe mezani, na wale vijana wa mashati ya kijivu wenye bunduki. Alimwambia kwamba kesho yeye Shaun ndiye atakuwa mkono wa kulia, na siku Harun atakapotaka mikono safi zaidi, atatumwa mtu mdogo kuliko yeye.

Shaun alisikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akisikiliza juu ya mikeka. Kisha akamgeukia Philip.

"Ni ukweli, Kapteni? Iliishia hivyo?"

Philip alikuwa na maneno siku zote. Alikuwa na maneno kwa walinzi, kwa matajiri na kwa maelfu wasiomjua. Lakini swali lile lilimkuta bila kujitayarisha, akafungua mdomo, akaufunga. Ikatosha.

"Kwa hivyo mwishoni waliobaki ni vijana," Shaun alisema.

Tevin alikuwa ametegemea hofu. Alifikiri kijana angetetemeka, angelia, angepanda naye ngazi hadi kituoni akaseme kweli. Hakuwa amefikiri kwamba hadithi moja inaweza kumfundisha mtu mwingine somo jingine kabisa. Alilielewa hilo akiwa amechelewa, wakati Shaun alipokuwa ameshainama akaokota kisu, akatembea hadi kwenye ule mlango ulio wazi, tena bila haraka.

Philip alisema, "Shaun, mdogo wangu."

Kisu kiliingia chini ya tai. Kikaingia tena. Philip alimshika Shaun mabega kwa mikono yote miwili, karibu kama wanaokumbatiana, kisha mikono ikateleza, akamwagika kutoka kitini hadi sakafuni na suti yake ikaanza kunywa vumbi.

Tevin alimrukia Shaun lakini mguu ulimkatalia. Ubavu ulikuwa umemaliza damu yake. Alipiga goti moja, kisha la pili, akatambaa hadi kwa Philip na kukandamiza lile jeraha kwa viganja vyake viwili, kwa nguvu zote, kama alivyofundishwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Damu ya moto ilimpanda hadi kwenye vifundo.

Shaun alimtazama akifanya hivyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. Akafuta mpini wa kisu kwa pindo la shati, akakiweka chini, karibu na goti la Tevin. Kisha akaichana bendeji yake mwenyewe usoni, kidonda kikafunguka upya, akaenda chini ya ngazi na kuinua sauti kwa mara ya kwanza tangu Tevin amjue.

Alipiga kelele kwamba Tevin amemuua Kapteni.

Nyimbo juu zilikatika. Viti vilisukumwa. Ngazi zikajaa viatu, na mashati ya kijivu yakaanza kuteremka, ya mbele yakisimama ghafla, ya nyuma yakiyasukuma, mpaka ukuta mzima wa vijana ukawa umesimama unatazama. Wengi wao Tevin ndiye aliyewafundisha kurusha ngumi. Walimwona amepiga magoti, mikono myekundu juu ya tumbo la Kapteni, kisu pembeni. Wakamwona Shaun, uso umechanika, analia. Hata yake yalikuwa machozi ya kweli.

Tevin aliwaambia ni Shaun. Sauti ilimtoka ndogo, yenye mikwaruzo.

Vijana wakatazamana. Mmoja wao, Kevin, mtu mzima kidogo kuliko wengine na mwenye busara, alisema Kapteni bado anapumua. Aulizwe mwenyewe.

Ni kweli. Macho ya Philip yalikuwa wazi. Kevin alishuka ngazi, akachuchumaa, akamwambia Kapteni kwamba wote wapo, kwamba aseme tu kwa ishara, nani amemfanyia hivi.

Philip alimtazama Shaun. Alimtazama kwa muda, kijana mwembamba mwenye damu usoni na mashati ya kijivu yote nyuma yake, Ngao nzima aliyoijenga. Tevin aliinama karibu na sikio lake, hajaondoa viganja kwenye jeraha, akamwomba kwa sauti ya chini aseme kweli mara moja tu.

Kitu kama tabasamu kilipita mdomoni mwa Philip. Mkono wake ukainuka kutoka sakafuni, pole pole, kidole kimoja kimenyooka, ukitetemeka.

Ukamwelekea Tevin.

Na ukuta wa mashati ya kijivu ukaanza kuteremka ngazi.